Soma Nyuma ya Kifaa: Jinsi ya Kulinganisha Chanzo cha Umeme, Amplifaya, Spika na Krosova

Kikundi kimoja cha akina mama wa kuweka na kukopa kilifika ofisini kwetu kikiwa na spika nne, amplifaya moja isiyowaka, adapta iliyoyeyuka upande mmoja na daftari la mahesabu. Walikuwa wamekopa kutoka mfuko wao wenyewe ili wanunue vyombo vya muziki vya kukodisha katika sherehe za mtaani: kipaimara, maulidi, kumuaga binti anayeolewa. Ndani ya miezi michache twita ziliungua mara mbili, adapta ikaharibika, na hatimaye amplifaya ikazimika katikati ya harusi, maharusi wakiwa ndiyo kwanza wanaingia uwanjani. Kikundi kililazimika kumrudishia mteja fedha zake zote. Malalamiko yao kwetu yalikuwa na sentensi moja: wameuziwa vitu vibovu.

Tulipovichunguza vifaa hivyo tuliona kwamba lalamiko lao lilikuwa na ukweli, ila si wote. Namba iliyoandikwa mbele ya amplifaya ilikuwa ya kupotosha, na hilo ni kosa la muuzaji. Lakini takriban kila kifaa, kikipimwa peke yake, kilikuwa kizima siku kilipotoka dukani. Kilichoviharibu ni kuunganishwa na vitu visivyopatana navyo. Kikundi kimeturuhusu kukieleza kisa chao bila majina, nasi tunakitumia hapa kwa sababu makosa yaliyowagharimu ndiyo hayohayo tunayoyaona kwa wenye vibanda vya kuonyesha mpira, kwaya, madrasa na vijana wanaojifungia muziki kwenye bajaji.

Namba ya mbele na namba ya nyuma

Mbele ya amplifaya hiyo paliandikwa wati 3,000, kwa herufi za rangi ya dhahabu. Nyuma, kwa maandishi madogo ambayo mtu mzima asiye na miwani hawezi kuyasoma, paliandikwa volti 24, ampea 4. Zidisha namba hizo mbili za nyuma: 24 mara 4 ni 96. Hizo ndizo wati ambazo amplifaya inapokea kutoka kwenye adapta yake. Amplifaya haizalishi nguvu. Huchukua nguvu ya umeme iliyopewa na kuifinyanga kwa umbo la sauti, na sehemu ya nguvu hiyo hupotea njiani ikiwa joto. Amplifaya ndogo za kisasa, zile za daraja D, zikifanya kazi kwa nguvu yake kubwa hufikisha kwenye spika takriban asilimia 90 ya umeme unaoingia. Zile za daraja AB, zenye mabati mazito ya kupoza, hufikisha kama nusu, au zaidi ya hapo kidogo. Kwa hiyo amplifaya ya akina mama hawa ingeweza kutoa kama wati 85 mfululizo kwa spika zake zote pamoja. Wati 3,000 hazikuwamo, wala zisingeweza kuwamo.

Mwenye duka anaweza kujibu kwamba hizo ni wati za PMPO. Mlaji asikubali jibu hilo limnyamazishe. PMPO ni namba inayodaiwa kuwa kilele cha sekunde ndogo mno, na hakuna kipimo cha kimataifa kinachokubalika cha namna ya kuipata. Kila mtengenezaji huipata apendavyo. Namba yenye maana kwa mnunuzi ni ile inayofuatwa na herufi RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa kwa kuendelea. Kama RMS haikuandikwa, rudi kwenye namba ya nyuma.

Ni kweli kwamba kapasita zilizo ndani ya amplifaya huweka akiba ndogo ya umeme, hivyo pigo moja la ngoma linaweza kupita kiwango cha adapta kwa muda mfupi sana. Aidha, kwa amplifaya kubwa zinazochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani, namba ya nyuma mara nyingi hupimwa kwa matumizi ya muziki wa kawaida wala si kwa nguvu ya juu kabisa, kwa hiyo namba ya mbele kuizidi ile ya nyuma kiasi si ushahidi wa udanganyifu. Tunachokitilia shaka ni namba ya mbele iliyo mara kumi au mara thelathini ya ile ya nyuma.

Kwa amplifaya za magari na bajaji ipo njia nyepesi zaidi: tazama fyuzi. Amplifaya iliyoandikwa wati 1,000 lakini ina fyuzi moja ya ampea 20 haiwezi kupokea kwa kuendelea zaidi ya wati 280 hivi, kwani gari likiwa linanguruma umeme wake ni kama volti 14. Ikiwa ni ya daraja AB, kitakachofika kwenye spika ni kama wati 150 au 170. Fyuzi haina sababu ya kutia chumvi.

Volti ni sharti, ampea ni uwezo

Adapta ya awali ya kikundi ilipotea baada ya sherehe. Mmoja wao alinunua nyingine. Alichukua tahadhari nzuri: alibeba amplifaya yenyewe hadi dukani, akahakikisha kwamba adapta mpya ni ya volti 24 na kwamba ncha yake inaingia vizuri. Hakuambiwa atazame ampea. Adapta ile ilikuwa ya ampea 2, yaani wati 48, nusu ya zinazohitajika.

Hapa pana jambo linalowachanganya walaji wengi, wakiwamo baadhi ya mafundi. Volti za adapta zinapaswa kuwa zile amplifaya inazotaka, au ziwe ndani ya mipaka iliyoandikwa. Zikizidi, zinaua. Ampea ni jambo jingine. Ampea zilizoandikwa kwenye adapta ni uwezo wake wa juu, nayo haizisukumi kwa nguvu ndani ya kifaa. Kifaa huchukua kinachohitaji tu. Amplifaya inayotaka ampea 4 ikipewa adapta ya volti 24 na ampea 10, itachukua 4 na mambo yatakwenda salama. Tumekutana na watu waliokataa adapta nzuri wakihofia kwamba ni kubwa mno, kisha wakanunua ndogo iliyoungua. Hofu hiyo iwekwe kwenye volti.

Adapta ndogo haikufa siku ya kwanza. Muziki wa sauti ya chini ulipita bila tatizo. Lakini kila ngoma nzito ilipopigwa, amplifaya ilidai umeme ambao adapta haikuwa nao, volti zikashuka, na vilele vya mawimbi ya sauti vikakatwa kama nyasi kwa fyekeo. Sauti iliyokatwa hivyo husikika yenye mikwaruzo, na kukata huko huzaa sauti kali za juu ambazo hazikuwamo kwenye wimbo. Sauti hizo za juu huelekezwa wapi? Kwenye twita, spika ndogo kuliko zote, ambayo waya wake ni mwembamba kama unywele. Mshereheshaji naye akisikia muziki umedhoofika huongeza sauti, na hali huzidi kuwa mbaya. Ndivyo twita za kwanza zilivyoungua. Mlaji akiambiwa kwamba spika yake kubwa imeunguzwa na amplifaya ndogo asidhani anataniwa. Amplifaya iliyokosa umeme wa kutosha na ikalazimishwa kupiga kelele ni hatari kwa twita kuliko amplifaya kubwa inayofanya kazi kwa utulivu.

Volti zina kazi nyingine pia: ndizo dari ya sauti. Wimbi la umeme linalokwenda kwenye spika haliwezi kupanda juu ya volti za chanzo. Bodi ndogo za daraja D zinazouzwa sana siku hizi, zikipewa volti 24 na spika ya omu 4, zinaweza kutoa kama wati 50 au 60 kwa kila upande kabla sauti haijakatwa, ikiwa chanzo kinatosha. Ukiipa bodi hiyohiyo volti 12, hutapata nusu. Utapata robo, kwa sababu volti zikipungua nusu mkondo nao hupungua nusu. Mtu anayelalamika kwamba amplifaya yake imechoka tangu aihamishie kwenye betri moja ya gari mara nyingi ana amplifaya nzima kabisa.

Chaja za kompyuta mpakato zilizotumika, nyingi zikiwa za volti 19 na ampea 4.74, yaani wati 90, hutumika sana kwa kazi hii. Hatuna pingamizi iwapo mipaka ya bodi inaruhusu volti 19 na chaja yenyewe ni nzima. Sauti ya juu kabisa itapungua hadi kama asilimia 63 ya ile ya volti 24, tofauti ambayo sikio huiona ndogo kuliko namba inavyodokeza. Hakikisha tu mchoro mdogo wa duara na alama za kujumlisha na kutoa kwenye chaja unafanana na ule wa kwenye amplifaya. Ncha ikiingia, hiyo haithibitishi kwamba umeme unapatana.

Wanaotengenezewa amplifaya kwa fundi wajihadhari na transfoma. Umeme wa transfoma ukishanyooshwa kwa diodi na kutulizwa kwa kapasita huongezeka kwa takriban mara 1.4. Transfoma ya volti 18 ndiyo inayotoa karibu volti 24 baada ya kunyooshwa. Fundi akifunga transfoma ya volti 24 kwa sababu bodi ni ya volti 24, bodi itapokea zaidi ya volti 32, na kapasita zilizoandikwa volti 25 zinaweza kupasuka. Na kwa wanaonunua amplifaya zilizotumika kutoka Japani: umeme wa kule ni volti 100, wetu ni 230. Angalia maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Kifaa cha volti 100 pekee kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, tena yenye uwezo unaozidi wati za kifaa hicho, na gharama yake iingizwe kwenye bei kabla ya kufurahia kwamba umepata cha bei poa.

Volti 24 ambazo si 24

Kilichoiua amplifaya siku ya harusi kilikuwa kitu ambacho hata sisi tulikitafuta kwa muda. Sherehe ilikuwa kijijini, mchana, mahali pasipo na umeme wa gridi. Kikundi kiliazima betri mbili za volti 12, zikaungwa kwa kufuatana ili zitoe volti 24, na kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa na paneli za umeme jua pamoja na kidhibiti chake, zikaachwa zikichajiwa muziki ukiendelea. Kwa hesabu ya kawaida yote yalikuwa sawa: amplifaya ya volti 24, betri za volti 24.

Tatizo ni kwamba namba 12 ya betri ya asidi na risasi ni jina zaidi kuliko kipimo. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, ina volti 12.7 hivi; mbili zina 25.4. Inapochajiwa hupandishwa hadi volti 14.4 hivi, mbili zinafika 28.8. Karatasi ya bodi ile, ambayo kikundi hakikupewa dukani, ilisema kikomo ni volti 26. Asubuhi, jua likiwa dogo, muziki ulilia vizuri. Jua lilipokuwa kali volti zikapita kikomo. Bodi haikutoa hata moshi, ilinyamaza tu.

Kwa hiyo, kabla ya kuiunga amplifaya kwenye betri, uliza kikomo chake cha juu cha volti. Amplifaya iliyotengenezwa kwa magari hustahimili kuchajiwa, kwani gari huchaji betri muda wote linapotembea. Bodi ya kutumia adapta mara nyingi haina nafasi hiyo. Ukiwa na bodi yenye kikomo cha volti 26 na betri mbili, zichomoe kwenye chaja kabla ya kuwasha muziki, au tumia kidhibiti cha volti kinachotunza 24 bila kujali hali ya betri, chenye ampea za kutosha.

Jambo la pili kuhusu betri ni la usalama wa watu. Adapta ikipata hitilafu ya waya kugusana, kwa kawaida hujizima. Betri ya gari haijizimi. Inaweza kumwaga mamia ya ampea kupitia waya mwembamba hadi uwake moto. Fyuzi ifungwe kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri, si mwisho wa waya huko kwenye amplifaya. Kwa amplifaya ya ampea 4, fyuzi ya ampea 5 hadi 7.5 inatosha.

Omu za spika

Nyuma ya kila spika huandikwa omu, kwa kawaida 4 au 8. Omu ndicho kipimo cha ukinzani unaokabili mkondo, na kadiri zinavyopungua ndivyo amplifaya inavyovutwa mkondo mwingi. Amplifaya huandikwa kiwango cha chini inachoweza kustahimili. Ya kikundi hiki ilikuwa omu 4 kila upande, na spika mbili za mwanzo zilikuwa za omu 4. Hapo hapakuwa na kosa.

Walipoongeza spika mbili nyingine za aina ileile, kijana aliyewafungia aliziunga sambamba, waya chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Spika mbili za omu 4 zikiungwa hivyo huwa omu 2. Mzigo kwa amplifaya ukawa maradufu, na adapta ambayo tayari ilikuwa nusu ya inayohitajika ikaanza kuyeyuka. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4, na hizo zingewafaa. Zikiungwa kwa kufuatana, moja ikipokea kutoka kwa nyingine, omu hujumlishwa: 4 na 4 ni 8, amplifaya hupumua, ingawa nguvu hupungua.

Ukipima spika kwa mita ya umeme, usishangae kuona namba ndogo kuliko iliyoandikwa. Spika ya omu 8 husoma kama 6, ya omu 4 kama 3 na nusu, kwa sababu mita hupima ukinzani wa waya peke yake na si wa spika inapocheza. Tahadhari moja zaidi: katika bodi nyingi za daraja D waya hasi wa spika si waya wa ardhi, nao unabeba sauti kama ulivyo ule chanya. Usiunganishe hasi za pande mbili ili kuokoa waya, wala usizigusishe na kasha.

Krosova: kilichounguza twita mara ya pili

Baada ya twita za kwanza kuungua fundi alifunga nyingine, mpya, za bei nzuri kuliko za awali. Hazikumaliza wiki mbili. Kikundi kiliamini kwamba ni bandia. Tulizipima waya zake na kasoro tuliyoikuta ilikuwa moja tu: zilikuwa za omu 8 ndani ya boksi lililotengenezwa kwa omu 4.

Boksi la spika lina angalau spika mbili. Kubwa, yaani wufa, hutoa ngoma na besi. Ndogo, twita, hutoa kayamba, sauti ya matoazi na herufi kama s na sh. Wimbo mzima hupita kwenye waya mmoja kutoka kwenye amplifaya. Krosova ndiyo bawabu anayegawa: huizuia besi isifike kwenye twita na sauti za juu zisifike kwenye wufa. Katika maboksi ya bei ya kawaida krosova ni kapasita moja iliyo njiani kuelekea twita, na pengine koili moja ya waya wa shaba kuelekea wufa.

Watu wengi hudhani kwamba mpaka wa mgawanyo umeandikwa ndani ya kapasita. Sivyo. Mpaka huo hutokana na kapasita na omu za spika kwa pamoja. Kapasita ya mikrofaradi 13 ikiwa na twita ya omu 4 hugawa kwenye hezi 3,000 hivi. Kapasita hiyohiyo, ambayo haikuguswa, ikikutanishwa na twita ya omu 8 huushusha mpaka hadi hezi 1,500. Maana yake ni kwamba twita ilianza kupokea sauti za katikati, sauti za waimbaji na tarumbeta, ambazo zina nguvu nyingi na zinaitaka itetemeke kwa umbali usioiweza. Twita nzuri ikafa kwa kazi isiyokuwa yake. Fundi alipaswa kutafuta twita ya omu 4, au kuibadilisha kapasita iwe ya mikrofaradi 6.6 hivi ili mpaka ubaki hezi 3,000.

Kinyume chake hakiunguzi twita kwa namna hiyo lakini huharibu kazi. Boksi la omu 8 lililogawanywa kwenye hezi 3,000 likifungwa wufa na twita za omu 4, koili huishusha wufa hadi hezi 1,500 na kapasita huipandisha twita hadi 6,000. Katikati linabaki pengo. Humo ndimo sehemu kubwa ya konsonanti za maneno ilimo, kwa hiyo mhubiri au mshereheshaji anasikika hadi barabarani na haeleweki hata kwa walio mbele. Watu huongeza sauti. Haisaidii.

Omu za spika hubadilika kidogo kadiri sauti inavyopanda na kushuka, kwa hiyo hesabu hizi ni za kukaribia, na watengenezaji makini hupima kila boksi. Kwa mlaji inatosha kujua kwamba spika ya kubadilishia inapaswa kuwa na omu zilezile za iliyotoka. Mwambie fundi akuonyeshe ile iliyoungua na ile mpya kabla hajafunga.

Kapasita ya krosova pia isiwe yenye upande wa kutoa, ile yenye mstari ubavuni wenye alama ya hasi. Hiyo ni ya chanzo cha umeme. Sauti ni umeme unaogeukageuka. Kapasita ya aina hiyo itapata joto ndani ya boksi na inaweza kupasuka. Dai isiyo na upande.

Zipo pia krosova zinazotumia umeme, ambazo hugawa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, kila sehemu ikawa na amplifaya yake. Ni nzuri kwa kumbi. Hazifungwi baada ya amplifaya, na ni vyema zipewe chanzo chao kidogo cha umeme, kwani zikichangia betri au adapta na amplifaya kubwa mara nyingi huleta mvumo.

Waya na pini ya tatu

Waya mwembamba hula sauti uliyoilipia. Ukitandaza waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 kwa mita 20 hadi kwenye spika ya omu 4, theluthi moja ya nguvu haifiki; sehemu yake hubaki kuupasha waya joto. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 upotevu ni kama asilimia 13. Kwangua ncha ya waya kwa wembe kabla ya kununua: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa, nayo huhitaji kuwa nene zaidi kwa kazi ileile.

Mvumo kwenye spika usiondolewe kwa kuvunja pini ya ardhi ya plagi. Tumeambiwa ushauri huo hutolewa waziwazi, na ni wa hatari: siku umeme utakapovuja kwenye kasha la chuma, atakayeshika maikrofoni ndiye atakayekuwa njia ya kwenda ardhini. Fyuzi iliyokatika irudishiwe ya ampea zilezile, si uzi wa waya wala karatasi ya sigara. Na kasha lisifunguliwe na asiye fundi hata baada ya kuchomoa plagi, kwa kuwa kapasita kubwa za ndani hubaki na umeme.

Ukiwa dukani, na ukirudi

Nenda na namba nne kwenye karatasi: volti za amplifaya pamoja na kikomo chake, ampea zake, omu inazostahimili, na omu za spika zako. Omba karatasi ya maelezo ya kifaa. Omba kijaribiwe kwa sauti ya kutosha, kwa dakika chache, kikiwa na adapta utakayoondoka nayo. Dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa. Risiti iliyoandikwa "vifaa" tu itakusumbua baadaye.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kuwapotosha walaji kuhusu bidhaa. Namba ya wati 3,000 kwenye kifaa kinachopokea wati 96 inaweza kulalamikiwa hata kama kifaa bado kinafanya kazi. Katika kisa tulichokieleza, muuzaji wa amplifaya alikubali kurejesha fedha yake kwa sababu ya namba ya mbele na kwa kutotoa karatasi ya kikomo cha volti. Adapta haikulipwa, kwa kuwa ampea zake ziliandikwa bayana. Kuhusu twita za mara ya pili, fundi alikubali kufunga nyingine za omu 4 bila malipo ya kazi, kikundi kikinunua twita zenyewe.

Unapokuja kulalamika, leta risiti, picha ya mbele na ya nyuma ya kila kifaa, spika zilizoungua hata kama fundi amesema ni za kutupa, na adapta. Adapta ndiyo walaji wengi huiacha nyumbani.